Mchanganyo safi au ukumbi uliochangamka: DJ apimwe kwa lipi?

Ubishi huu kati ya ma-DJ hauishi. Upande mmoja unashikilia kwamba asiyeweza kulinganisha kasi ya nyimbo mbili kwa masikio yake hajawa DJ, ni mtu mwenye orodha ya nyimbo tu. Upande wa pili unajibu kwamba watu hawatoki nyumbani kwenda kusikiliza mchanganyo, yaani namna wimbo mmoja unavyounganishwa na mwingine. Wanatoka kwenda kucheza, na wakicheza kazi imefanyika. Kila upande una ushahidi wake. Kasoro ni kwamba pande zote zinautaja ufundi kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ndani yake mna stadi kadhaa zisizolingana uzito, na baadhi yake ndizo hasa zinazowafanya watu wabaki wakicheza bila kujua kwa nini.

Wanaotetea ufundi wana historia ndefu ya kuegemea. Francis Grasso, aliyekuwa akipiga muziki New York mwishoni mwa miaka ya 1960, anatajwa miongoni mwa waliotangulia kupandanisha midundo ya santuri mbili ili muziki usikatike. Deki (mashine ya kuchezea santuri) ya Technics SL-1200MK2 ilipotoka mwaka 1979, ilikuja na kidhibiti cha kuteleza kinachobadilisha kasi kwa asilimia 8 kupanda au kushuka, na kazi hiyo ikawa stadi inayofundishika na kushindaniwa. Jeff Mills wa Detroit akajulikana kwa kupiga deki tatu kwa pamoja. Upande wa pili nao una David Mancuso, aliyeanza karamu zake za The Loft mwaka 1970 kisha, miaka ikienda, akaiweka mikseta, mashine ya kuchanganyia sauti za deki, kando kabisa na kuuacha kila wimbo upigwe tangu mwanzo hadi mwisho. Larry Levan naye alijaza ukumbi wa Paradise Garage, New York, kuanzia 1977 hadi 1987, na mchanganyo wake haukuwa safi kila mara.

Mfano wa Mancuso hupotoshwa sana. Mtu huyo hakuudharau ufundi. Aliuhamishia kwenye ubora wa spika, usafi wa sindano ya deki na mpangilio wa nyimbo. Anayemtumia kutetea uvivu hajamwelewa.

Tuzitazame stadi zenyewe. Ya kwanza ni kulinganisha kasi, ambayo ndiyo hutukuzwa kuliko zote. Kwa midundo 128 kwa dakika, kati ya mdundo na mdundo kuna takriban milisekunde 469. Wimbo mmoja ukiwa 128 na mwingine 128.1, baada ya nusu dakika tofauti inafika milisekunde 23 hivi, na hapo sikio linaanza kusikia ngoma mbili zikigongana kama kwato za farasi. DJ mzuri husikia kabla ya hapo na kuusukuma wimbo kidogo kwa kidole. Leo kitufe cha sinki (sync), kinacholinganisha kasi chenyewe, kinafanya kazi hiyo papo hapo, lakini kinategemea gridi, yaani alama za midundo ambazo programu ya DJ imezichora juu ya wimbo. Nyimbo za zamani zilizorekodiwa na mpiga ngoma wa kweli, bila mdundo wa kumwongoza, hupanda na kushuka kasi. Gridi iliyo sahihi mwanzoni huwa imepotea ikifika dakika ya tatu. Programu pia huweza kuusoma wimbo wa midundo 85 kwa dakika kuwa 170, au kuianza gridi kwenye mdundo wa pili badala ya wa kwanza. Asiye na masikio yaliyozoezwa hujua kosa anapoona watu wamesimama. Kwa hiyo kulinganisha kwa masikio bado ni lazima, ila kama kinga. Kuifanya stadi hiyo kuwa kipimo cha ubora wa DJ ni kumtuza mtu kwa kazi ambayo mashine inaifanya sawasawa mara nyingi.

Kuna kosa jingine ambalo huangushiwa mikono kumbe chanzo chake ni mahali. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Spika kubwa zikiwa mita 10 kutoka kwa DJ, anachokisikia kimechelewa milisekunde 29. Akiulinganisha wimbo ulio kwenye hedfoni na sauti hiyo iliyochelewa, kwake utakuwa sawa na kwenye spika utakuwa umepishana. Dawa ni spika ya karibu inayomwelekea DJ. Ikikosekana, asikilize nyimbo zote mbili ndani ya hedfoni kwa kizungushi cha mikseta kinachozichanganya.

Stadi ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuingiza wimbo mahali pake. Muziki mwingi wa kucheza hujengwa kwa mafungu ya midundo 32, yaani vipimo 8 vyenye midundo minne kila kimoja. Kwa kasi ya 128, fungu moja ni sekunde 15 kamili. Ukiuachia wimbo mpya mdundo wa 9 wa fungu badala ya wa 1, kasi zinaweza kulingana bila kasoro na bado kila kitu kikaharibika: sauti ya mwimbaji inaingia katikati ya kiitikio cha mwenzake, sehemu ya utulivu inafika wakati miili inasubiri mlipuko. Wachezaji hawatakwambia kosa ni nini. Watapunguza tu kuruka, wageukiane waanze kuzungumza. Hapa ndipo ubishi wa ufundi dhidi ya watu unapokosa maana, kwa sababu anayehesabu mafungu anahesabu kile ambacho miili ya watu tayari inakingoja.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Hesabu hadi 32 ukisikiliza wimbo unaopigwa. Uachie mpya kwenye mdundo wa 1 huku besi yake umeishusha hadi chini kwenye ikwalaiza, vizungushi vya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu. Pandisha feda, kitelezi cha sauti ya wimbo huo, taratibu ndani ya fungu hilo, kisha mwanzoni mwa fungu linalofuata badilisha besi: ya zamani chini, ya mpya juu, kwa mkupuo mmoja. Ukiacha besi mbili zikapigwa pamoja, kiwango cha sauti kinaweza kupanda kwa desibeli 3 hadi 6 sehemu za chini, limita, kifaa kinachozuia sauti ya mfumo isipite kiasi, inabana, na ngoma zilizokuwa zikigonga kifua zinageuka mvumo usio na umbo.

Viwango vya sauti ndiyo stadi inayodharauliwa kuliko zote. Rekodi za zamani mara nyingi ni tulivu kuliko za sasa, na usipogusa geni (gain), kizungushi kinachopanga nguvu ya sauti ya kila wimbo, wimbo mzuri utaingia ukionekana dhaifu. Watu watautupa kwa kosa lisilo lake. Pima geni kwenye sehemu yenye sauti kubwa zaidi ya wimbo. Utangulizi hudanganya. Taa nyekundu za mikseta zikiwaka muda wote, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, sauti inakuwa kali, masikio yanachoka, na ukumbi unapungua polepole bila mtu kulalamika. DJ atadhani nyimbo zake hazikupendwa.

Kuoanisha funguo za muziki, yaani ngazi za noti ambazo nyimbo zimejengwa juu yake, kuna faida pale sauti mbili za waimbaji au vinanda viwili vinapokutana. Ikumbukwe pia kwamba kubadilisha kasi kwa karibu asilimia 6 bila kufunga ufunguo (kuiamuru mashine isibadilishe noti) kunausogeza wimbo nusu toni nzima. Nyimbo mbili zikikutana pale penye ngoma tupu, funguo hazina neno. Anayekataa wimbo unaohitajika dakika hiyo kwa sababu namba za gurudumu la Camelot, mchoro unaoonyesha funguo zinazopatana, hazikubaliani anauridhisha mchoro, na watu wanamsubiri.

Tugeukie upande wa kuwaridhisha watu, maana nao umejaa maneno mepesi. Wengi wanaposema "soma ukumbi" wanamaanisha piga nyimbo zinazojulikana. Hesabu inawakana. Ukiwa na nyimbo 20 kubwa zisizoshindwa, na kila moja ukaipa sekunde 90, umezimaliza kwa nusu saa. Usiku wenye urefu wa saa nne una dakika 240. Aliyezimwaga zote mapema hana kitu cha kuwarudishia watu wakipoa. Kusoma ukumbi ni stadi yenye vipengele vyake, kama ulinganishaji wa kasi ulivyo na vyake.

Usiwatazame walio mbele kabisa. Hao wameshakubali, watacheza chochote. Tazama pembezoni, pale wanapokutana wachezaji na waliosimama. Mabega yakianza kutikisika huko, umeshika njia. Tazama pia wanaondoka lini. Wakiondoka ndani ya midundo 16 ya kwanza ya wimbo mpya, tatizo ni uteuzi au mpito. Wakipukutika mmoja mmoja katikati ya wimbo, umewachosha kwa kasi ileile muda mrefu. Na si kila anayeondoka ni hasara: watu wanahitaji kunywa maji, na ukumbi unaozungusha watu huishi muda mrefu kuliko uliobanwa kileleni mfululizo. Ombi la mtu mmoja nalo lipimwe. Ni sauti ya mtu mmoja, hata akirudi mara tatu.

Gharama halisi ya ufundi iko kwenye macho. Mchanganyo wa midundo 64 kwa kasi ya 128 ni sekunde 30 ambazo kichwa kimeinama. Ongeza deki ya tatu na vionjo vya mwangwi, na DJ anaweza kumaliza saa nzima bila kuwaona anaowapigia. Hoja hii ya wapenda watu ni ya kweli. Ila inageuka upande mwingine pia, na hili husahauliwa. Asiye na ufundi ndiye anayeinama zaidi. Anatafuta wimbo, anahangaika na kasi, anaogopa kugusa ikwalaiza, na mpito wa sekunde 15 unamla dakika tatu za maandalizi. Mazoezi yakishaingia mikononi, maandalizi hayo hushuka hadi nusu dakika na muda unaobaki unakwenda kwa watu. Kwangu hiyo ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kujifunza ufundi.

Aina ya muziki nayo inaamua. Katika house na techno, nyimbo nyingi huanza na kuishia na ngoma tupu za midundo 32 au zaidi, zimetengenezwa zipandanishwe, na mchanganyo mrefu ni sehemu ya muziki wenyewe. Katika hip-hop na nyimbo za kuimba, sauti huingia mapema. Kinachofaa ni kukata kwenye mdundo wa 1. Kutoka kasi ya 100 kwenda 126 ni ongezeko la asilimia 26, na kuuvuta wimbo kiasi hicho kunaumiza sauti hata ufunguo ukiwa umefungwa. Hapo weka mwangwi kwenye neno la mwisho, acha kimya cha mdundo mmoja, achia mpya. Kuskrachi, yaani kuikwaruza santuri mbele na nyuma kwa mkono, kwenye mashindano ndiko watu walikokuja kukuona. Juu ya kiitikio ambacho ukumbi mzima unakiimba, kunawanyang'anya wimbo wao.

Hatari ya upande wa kuridhisha ni DJ kugeuka mfuasi. Watu hawawezi kuomba wimbo wasioujua, na DJ asipouleta hakuna atakayeuleta. Wimbo mgeni uwekwe kati ya miwili inayojulikana, kasi zikikaribiana, ukumbi ukiwa na nguvu. Usiwekwe mara baada ya watu kutawanyika. Wimbo wa kutokea, endapo huo utakataliwa, uwe umeshapakiwa kwenye deki ya pili na alama ya kuanzia imewekwa kwenye sehemu inayotambulika mara moja. Wimbo mgeni upewe angalau mafungu manne, sawa na dakika moja kwa kasi ya 128, kabla ya kuhukumiwa. Wengi huukata mapema mno kwa woga.

Anayetaka kujua udhaifu wake uko upande gani arekodi seti nzima, yaani muziki wote aliopiga usiku huo, na kila ukumbi unapopungua aandike saa ilivyo. Siku ya pili asikilize dakika hizo peke yake. Zikianguka kwenye mipito, arudi kuhesabu mafungu na kupima geni. Zikianguka katikati ya nyimbo zilizoingia vizuri, mikono yake haina kosa, na muda wa mazoezi autumie kusikiliza nyimbo zaidi na kuzipanga upya.