Swali la makosa ya zamani halimlindi mwanafunzi yeyote
Kuna mwandishi anayedai kwamba chuo kikimuuliza kila mwombaji kama amewahi kutiwa hatiani, wanafunzi wengine wanakuwa salama zaidi. Sikubaliani naye hata kidogo. Nimewasaidia watu waliotoka gerezani kujaza fomu za vyuo vya Marekani, na najua kinachotokea wakifika kwenye swali hilo. Mtu akishajibu “ndiyo” anadaiwa maelezo ya kosa lake, nakala ya hukumu, barua ya ofisa anayemsimamia, na kila karatasi ina ofisi yake na foleni yake. Mmoja alikuwa ameshamaliza insha, tena nzuri kweli. Alipoiona orodha ile alifunga kompyuta, akasema atarudi kesho. Hakurudi. Wala si yeye peke yake: ripoti ya mwaka 2015 kuhusu SUNY, vyuo vikuu vya umma vya jimbo la New York, ilionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya waliokiri kuwa na kosa kubwa hawakukamilisha maombi, wakati kwa waombaji wote ni kama asilimia 21. Yaani chuo hakikuwakataa, walikatishwa tamaa mlangoni. Na mwenye nia mbaya ambaye hajawahi kukamatwa, swali hilo litamzuiaje? Mtu ametumikia kifungo chake chote, sasa anaomba kusoma, halafu tunamwadhibu upya! Nyie mliowahi kusoma darasa moja na mtu aliyetoka gerezani, aliwadhuru nini?