Tiketi Ndiyo Itakayokwambia Uko Nchi Gani

Anayesema Ulaya yote ni moja hajaipanda treni. Nchi hadi nchi, kinachobadilika upesi kuliko lugha ni tiketi: inakaguliwa wapi, na nani, na ukikosea unafanywa nini.

Chukua njia ya London hadi Rotterdam bila ndege. Treni inaondoka stesheni ya Liverpool Street, hapohapo London, kwenda bandari ya Harwich, na kuifikia lazima upite geti la tiketi. Mwingereza haamini mtu. Meli ya usiku hung'oa nanga saa tano na kutia nanga Hoek van Holland, Uholanzi, saa mbili asubuhi. Si saa tisa za usingizi hizo: moja imemezwa na tofauti ya majira. Kebini ni lazima kulipia. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania aitazame viza yake mapema. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya lakini si Uingereza, ikiwa ni ya kuingia mara moja, ukishaitumia Paris kisha ukavuka kwenda London, haikurudishi tena, hata kama siku zimebaki.

Nje ya bandari kuna metro. Unagusisha kadi ya benki ukiingia, unaigusisha tena ukitoka. Kosa hutokea Schiedam Centrum, pa kubadilishia: metro ni ya kampuni moja, treni ya nyingine. Usipojitoa kwenye mashine ya metro kabla ya kujiingiza kwenye ya treni, unakatwa hela za safari ambayo hukuisafiri.

Ujerumani hakuna geti, unatembea hadi mlangoni mwa behewa. Huo ndio mtego. Mkaguzi wa treni za mjini anaweza kuvaa kiraia, faini ni euro 60, na “sikujua” haimhusu.

Kwangu mimi Italia ndiyo inayomwonea mgeni zaidi. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani umeilipia, unayo mkononi, lakini usipoigonga muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, una kosa.

Halafu Italia hiyohiyo inakupa Messina, mlango wa bahari kati ya bara na kisiwa cha Sicily, ambao treni huuvuka ikiwa ndani ya meli. Pale Villa San Giovanni treni itokayo Roma inakatwa vipande, kwa kuwa haienei melini, na mabehewa yanasukumwa ndani na abiria wao. Kuvuka ni kama nusu saa. Kukata na kuunga ndiko kunakokula muda. Panda juu ukanunue arancino, donge la wali lililokaangwa likiwa na nyama ndani, lakini kariri kwanza namba ya behewa lako. Kule chini yamepangwa sambamba, na yote yanafanana.