Giza Kwenye Kona ya Les Combes

Kwa majuma matatu kompyuta yangu ilikuwa ikizimia mahali pamoja tu, nako ni Ubelgiji. Mimi mwenyewe sijapata kukanyaga Ubelgiji, lakini kwa njia ya uhalisia pepe, yaani mchezo wa kompyuta unaoonekana ndani ya miwani kana kwamba umo ndani yake, nilifika huko kila jioni: nilivaa miwani, nikakaa ndani ya gari la mashindano kwenye uwanja wa Spa-Francorchamps, nikaizunguka kona ya La Source kwa adabu kwa kuwa iko karibu sana na mstari wa kuanzia, nikateremka hadi Eau Rouge, nikapanda Raidillon huku tumbo langu likibaki bondeni, kisha nikaliachia gari mbio kwenye barabara iliyonyooka ya Kemmel. Mwisho wa Kemmel kuna kona za Les Combes, na hapo dereva hana budi kukanyaga breki kwa nguvu zote alizojaliwa. Kila nilipoikanyaga, dunia iligeuka giza.

Kompyuta yenyewe si ya jana wala juzi. Ndani yake mna prosesa ya Core i5-4690K ya mwaka 2014 na memori ya DDR3, na hapo awali, kabla ya giza kuanza, ilikuwa na kadi ya michoro ya GTX 960 yenye gigabaiti 2, ambayo kwa skrini ya kawaida ilinitumikia miaka mingi bila lawama. Miwani ya uhalisia pepe ni habari nyingine kabisa. Nilikuwa nimenunua Oculus Rift iliyokwisha kutumika, ile ya kwanza ya mwaka 2016, yenye pikseli 1080 kwa 1200 mbele ya kila jicho, na inayodai picha mpya mara 90 kwa sekunde. Ukigawanya sekunde moja kwa 90 unapata milisekunde 11 na ushei, na ndani ya muda huo, ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho, kompyuta inapaswa kukokotoa matairi, injini, wapinzani na miti yote ya Ubelgiji, kisha iichore dunia hiyo mara mbili, mara moja kwa kila jicho. GTX 960 ilijitahidi, sitaki kuisengenya. Ilipozidiwa, programu ya miwani ilishusha kazi hadi picha 45 na kuzibuni zile zilizokosekana, nami nikawa naona nguzo za kando ya barabara zikitetemeka kana kwamba zimechorwa juu ya maji. Macho yaliuambia ubongo kwamba tunakimbia, masikio ya ndani yakaapa kwamba tumekaa, na baada ya mizunguko miwili tumbo liliamua kesi hiyo kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Ndipo nikanunua GTX 1080 Ti, nayo imetumika, ya mwaka 2017, yenye gigabaiti 11. Ilipofika nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kulipa, yaani niliipima. Ilikuwa na urefu wa milimita 267, na nafasi iliyokuwemo ndani ya kasha la kompyuta ilikuwa milimita 250, kwa hiyo nilifungua kizimba cha diski, nikakitoa, na diski ikalazwa sakafuni mwa kasha kama mgeni asiyetarajiwa. Nikaongeza memori ikafika gigabaiti 16. Nusu saa nzima niliipoteza kwa kuchomeka waya wa miwani kwenye tundu la HDMI la ubaomama, lile bamba kuu la kompyuta, badala ya lile la kadi, huku nikiilaumu kadi kwa sauti kubwa, na kosa hilo naomba tusilizungumzie zaidi. Waya wenyewe niliuongezea kipande ili ufike vizuri, kiungo cha vipande hivyo viwili kikaning'inia nyuma ya meza, nao mwili wa waya nikaupitisha chini ya mkono wa kiti ili usinitatize miguuni.

Juma hilohilo, kwa kuwa mtu akishaanza kutumia fedha mkono huwa mwepesi, nilinunua na pedali mpya. Breki yake haipimi umbali ambao mguu umesafiri bali nguvu ambayo mguu umetia, na kwa jinsi nilivyoirekebisha nilihitaji kusukuma kwa uzito wa kilo 40 na zaidi ndipo gari lisimame inavyopasa. Ili zisisogee, nilizikaza kwa skrubu kwenye ubao mzito ulioegemea ukuta. Zilikaa imara kuliko kitu kingine chochote mle chumbani, nikiwemo mimi.

Giza la kwanza lilitanguliwa na dalili. Nilipokanyaga breki pale Les Combes, usukani wa gari ulianza kwenda mbali nami taratibu. Kichwa changu kikapenya ndani ya kiti cha dereva, nikatokea nyuma yake, katikati ya yale mabomba ya chuma yanayomkinga dereva gari likipinduka, na kutoka huko niliiona mikono ya dereva ikiendelea kuushika usukani bila mimi. Nikazidi kurudi nyuma kama roho inayouaga mwili, na nusura nitokee kwenye kioo cha nyuma, ndipo kila kitu kikawa cheusi. Nilipovua miwani, mchezo ulikuwa umeganda kwenye skrini na programu ilikuwa ikidai kwamba haioni miwani yoyote. Feni za kompyuta zilikuwa bado zinazunguka, lakini hilo halikunishangaza, kwani hata mtu aliyezimia huendelea kupumua.

Nikaanza kutafuta mchawi. Mshukiwa wa kwanza alikuwa pawa saplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, ya wati 450, mzee mwenzake prosesa. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: kadi wati 250, prosesa wati 88, jumla 338, zikabaki 112 kwa ajili ya diski, feni na vifaa vya USB. Kwa karatasi zinatosha, lakini kadi ya namna hiyo huweza kudai kwa ghafla umeme mwingi kuliko ulioandikwa kwenye maelezo yake, na watengenezaji wenyewe hupendekeza pawa saplai ya wati 600. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini kadi ishikwe na kiu ya umeme wakati gari linapunguza mwendo. Nilinunua ya wati 650, nikabadilisha na nyaya zake zote, maana nyaya za pawa saplai moja hazichanganywi na za nyingine hata kama zinaingia tunduni, na wako watu waliounguza diski zao kwa uvivu huo. Nilijivunia sana tahadhari yangu. Nilichomeka kila kitu upya, nikajaribu mizunguko mitatu ya upole, yote ikaenda salama, nikatangaza ushindi mbele ya familia. Mzunguko wa nne niliukimbiza kweli, na Les Combes ikanimeza.

Mshukiwa wa pili alikuwa joto. Nilikifungua kipoza joto cha prosesa nikakuta krimu ya kupitisha joto imekauka na kuwa ngumu kama chokaa ya ukutani, nikaikwangua, nikapaka mpya, na kwa haki kabisa nyuzi za joto zilishuka. Giza halikushuka. Nikaigeukia kamera ndogo ya mezani, ile inayofuatilia taa za infraredi zilizofichwa ndani ya miwani ili kujua kichwa kiko wapi, kwa sababu kule kurudi nyuma ya kiti kulinithibitishia kwamba kamera imepoteza mwelekeo na inakidhania kichwa changu kiko mita moja nyuma ya mahali kilipo. Nikaihamishia kwenye kadi mpya ya USB 3.0. Nikaifuta Windows nikaisakinisha upya, kazi iliyonila Jumapili nzima. Na kila tiba, naomba hili lieleweke, ilifanya kazi. Ilifanya kazi kwa sababu kila nilipotibu nilichomoa nyaya zote na kuzisukuma tena hadi mwisho, kile kiungo cha nyuma ya meza kikiwemo, na kwa hiyo mgonjwa aliamka akiwa mzima na kunisindikiza hadi kwenye breki nzito iliyofuata.

Hatimaye nikaamua kwamba pawa saplai mpya ilikuwa mbovu tangu dukani. Nilimwandikia muuzaji barua ya kurasa mbili, iliyoanza kwa heshima na taadhima na kuishia kwa neno "masikitiko" mara tatu, nikieleza milisekunde, wati na nyuzi za joto, na nikidai nirudishiwe fedha zangu. Akajibu kwa upole akiomba nimtumie video inayoonyesha tatizo lenyewe. Ombi la haki. Nilimkabidhi mke wangu simu nikamweka mlangoni.

"Baba watoto, nianze kuchukua lini?"

"Ukisikia nasema Les Combes."

"Ukisema nini?"

"Wewe chukua tu tangu mwanzo, mama watoto."

Nikavaa miwani, nikaendesha, nikatamka jina la kona kwa sauti ya mtangazaji, giza likaja kwa wakati wake. Nilipovua miwani nilimkuta mke wangu ameuma ncha ya mtandio na macho yamemlenga machozi. Nilidhani amenionea huruma. Nilimshukuru, nikaituma video bila kuitazama, kwa kuwa nilikuwa nimeliona tatizo hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Jibu lilifika siku iliyofuata. "Ndugu mteja, tumeitazama video yako zaidi ya mara moja, na wenzetu wa vitengo vingine nao wamekuja kuitazama. Pawa saplai haina hitilafu. Tunakushauri uangalie magurudumu ya kiti chako."

Nilisoma sentensi ya mwisho mara nne kabla ya kufungua video.

Mwanamume mzima, mwenye ndevu na sura ya uzito mkubwa, amekaa kwenye kiti cha ofisi akiwa amefunikwa uso. Anataja kona. Anakanyaga breki kwa kilo zake 40, na kwa kuwa pedali zimekazwa ukutani na haziwezi kwenda popote, anayekwenda ni yeye. Kiti hakiruki. Kinaondoka kwa utulivu, kama meli inayoiacha gati, huku mikono ya abiria wake ikiwa imenyooshwa mbele na vidole vingali vimekunjwa kuushika usukani uliobaki mezani. Waya unainuka kutoka sakafuni, unanyooka, unatetemeka kama mshipi wa mvuvi aliyepata samaki, na nyuma ya meza unasikika mlio mdogo: tiki. Mwanamume anainua kidole kimoja na kusema kwa sauti ya mtaalamu, "Umeona? Umeme umekatika." Kisha miguu yake, kwa mazoea ya miaka mingi na bila yeye kuiagiza, inapiga hatua fupi fupi kama za bata na kumrudisha mezani, na ni baada ya kufika ndipo anapovua miwani. Video nzima inatikisika vibaya sana.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza mke wangu.

"Nilidhani ndivyo unavyochezwa," alisema. "Nami nikajiuliza mbona magari ya watu wengine hufunga breki yakielekea mbele."

Sikudai tena fedha zangu. Niliyatazama magurudumu yale kwa mara ya kwanza tangu niyanunue, yakiwa laini, yamejaa mafuta, yenye sifa zote njema. Kuyang'oa kulihitaji nyundo, na usiku ulikuwa umekwenda, lakini nilipata kusikia kwamba gurudumu likivikwa kiatu haliwezi kubingirika, basi nikavileta viatu vyangu vya kazini na raba zangu, nikaingiza kila gurudumu katika kiatu chake. Kiti cha ofisi kina magurudumu 5, idadi ambayo aliyeibuni hakuwafikiria watu wanaovaa viatu kwa jozi. Nikatafuta kingine gizani karibu na mlango, nikakipata, kikaingia barabara.

Asubuhi, kabla ya kazi, nilijiibia dakika kumi. Les Combes nilikanyaga breki na usukani haukunikimbia. Gari liliinama pua, likaingia kulia, likatoka kushoto, na miti ya Ubelgiji ikapita pembeni kwa picha 90 kila sekunde bila kutetemeka hata mmoja. Mzunguko wa pili nilikuwa katikati ya Kemmel, gia ya sita, niliposikia sauti kutoka nje ya dunia ile.

"Baba watoto, kiatu changu cha pili kiko wapi? Nachelewa!"

Sikujibu, kwa kuwa kwa mwendo ule dereva hazungumzi. Nilikanyaga breki, gari likatii, kiti kikatulia mahali pake, na katika utulivu huo nilisikia nyuma yangu, ukija upande wangu, mwendo wa mtu aliyevaa kiatu kimoja: ko, kimya, ko, kimya, ko.