Kupanda kwa kufuata mwezi: kwa mvuvi sawa, ila kwa mchicha?

Kanuni yenyewe mnaijua: mwezi ukiwa unakua panda vinavyozaa juu, mchicha, nyanya, bamia, ukianza kupungua panda vya chini kama karoti na viazi. Huko Ujerumani wameenda mbali zaidi, Maria Thun alianza kutoa kalenda yake ya kupanda mwaka 1963, akiangalia mpaka mwezi unapita kwenye nyota zipi, na inatumika hadi leo.

Sababu wanayotoa ni kwamba mwezi unavuta bahari basi lazima uvute na maji ya kwenye udongo. Inaingia akilini kabisa, mpaka umuulize mtu wa Pwani. Bamvua, ile bahari kujaa na kupwa sana, linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, katikati hapo ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu. Sasa kama mvuto ndo unaootesha, mwezi mwandamo na mpevu si vingefanana? Kalenda inavitenganisha. Na bahari inapanda na kushuka kwa sababu ya ukubwa wake, maji ya kwenye ndoo hayana bamvua, sembuse unyevu wa tuta.

Kinachonifurahisha ni kwamba Waswahili hao hao, ambao mfungo, Idi na kuvua vyote ni mwezi, mambo ya kilimo tangu zamani waliyahesabia Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 wenye miongo ya siku kumi kumi, manake mwaka wa mwezi una siku kama 354 na masika haiusubiri. Sawa, watu wa kalenda watasema wao hawaachi msimu, wanachagua siku tu ndani ya msimu. Nakubali.

Na kuna kitu siwanyimi: wanapanda kwa mpangilio, kidogo kidogo, mboga haziivi zote siku moja halafu ukabaki kugawia majirani, na wengi wana daftari kabisa. Hiyo peke yake inanenepesha bustani, mwezi uwepo usiwepo. Shida ni kwenye ushahidi. Tuta la mwezi mchanga na la mwezi unaopungua yanapishana wiki mbili, na mwezi wa tatu wiki mbili zinaweza kuwa jua kali na mvua ya kumwaga, kwa hiyo anayesema "nimeona kwa macho yangu" hadanganyi, kaona kweli, ila huenda alichoona ni mvua.

Kwa hiyo inategemea unapanda nini bana. Karoti za kumwagilia nyuma ya nyumba, subiri mwezi wako, hupotezi kitu. Mchicha unavuna wiki ya tatu au ya nne, ile mbegu ushaichanganya na mchanga isirundikane, udongo umelowa vizuri, halafu ukae wiki mbili unatazama juu? Ndo nusu ya muda wa kufikia mavuno hiyo. Na mahindi ya kutegemea mvua ndo kabisa, mvua za kwanza zikishalowesha ardhi weka mbegu chini, hata kama ni giza totoro.