Tarehe ya Pasaka haipangwi na Papa
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kuwa Pasaka huhamahama kwa sababu Papa huiamulia tarehe kila mwaka. Si kweli, na inasikitisha kuona dai hilo limepita bila kuhakikiwa. Katika karne ya 2 Wakristo wa Asia Ndogo (Uturuki ya leo) waliadhimisha Pasaka tarehe 14 Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, pamoja na Wayahudi, hata ikiangukia Jumatano, huku Roma ikishikilia Jumapili. Polikarpo, askofu wa Smirna huko Asia Ndogo, alifunga safari hadi Roma kuzungumza na Papa Aniseto. Hawakuafikiana, lakini waliagana kwa amani. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325 ndio uliotaka Wakristo wote washike Jumapili moja. Kanuni iliyoenea ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au wa kwanza baada yake, na mwezi huo ni wa majedwali ya kanisa, si lazima ulingane na ule tunaouona angani. Ndiyo maana kwetu Wakatoliki Pasaka haiwezi kutangulia 22 Machi wala kuvuka 25 Aprili. Waorthodoksi wengi wana kanuni hiyohiyo, ila wanahesabu kwa kalenda ya kale ya Julius Caesar. Mwaka 2024 sisi tulisherehekea 31 Machi, majirani zangu Waorthodoksi hapa Nairobi wakaendelea kufunga hadi Mei 5. Mwaka 2025 sote tukakutana Aprili 20, na furaha yake ilikuwa kubwa mno. Nyinyi mlio na ndoa za madhehebu haya mawili, nyumbani mnashika Pasaka ipi?