Tamthilia ya mahari imeniletea mzee na fimbo

Jamani walimu wa hesabu, kila siku mnasema somo lenu ndo gumu kulifundisha kuliko yote, mnalalamika nini nyie? Mwalimu wa hesabu akitoka shule kaingia mtaani, hakuna mtu anamkimbilia na mlinganyo. Mimi wa kingereza nikishuka tu kwenye bodaboda hapa Nkuhungu, Dodoma, mama muuza mchicha ananiita mwalimu njoo unisomee hii dawa ya kuku imeandikwaje, fundi ananisubiri na karatasi ya pampu ya maji, kijana wa jirani anataka sivii ya kuombea kazi huko Mtumba kwenye ofisi za serikali na anaitaka leo leo, bure. Ukisema umechoka wanaulizana pembeni, hivi huyu kweli anakijua?

Shuleni ndo usiseme. Mtoto kasoma miaka saba kila kitu kwa kiswahili, kingereza kilikuwa ni kasomo kamoja tu, akifika form wani anaambiwa kuanzia sasa baiolojia, jiografia, historia, vyote kwa kingereza. Wanapewa wiki chache za orienteshen halafu haya, kazi ianze. Mwenzangu wa baiolojia anafundisha kwa kiswahili mchana kweupe, namsikia mwenyewe dirishani, "sasa hii mizizi ndo inanyonya maji", halafu kwenye kikao cha taaluma anasimama na tai yake anasema watoto wanafeli kwa sababu lugha hawaijui. Wote wanageuka wananiangalia mimi. Na tuna kibao pale kwenye mwarobaini kinaamrisha kila mtu aongee kingereza, chini ya kibao hicho hicho ndo kijiwe cha stori, walimu tukiwemo, na hata mkuu akipita anasalimia "za asubuhi".

Sasa form three tuko kwenye tamthilia, ile ya Soyinka, The Lion and the Jewel. Vitabu havitoshi, wanakaa wanne wanne kwenye nakala moja, yule wa pembeni kabisa anachoona ni namba ya ukurasa. Wengi hata hawahangaiki, wana pamfleti za stesheneri zenye pointi sita tayari, wanazimeza wanakuja kuzitema kwenye pepa, swali likiuliza ndoa anaandika rushwa kwa sababu ndo aliyokariri. Kwahiyo mimi nasoma kwa sauti, naigiza, nakuwa Sidi, nakuwa chifu, upepo wa Dodoma unaingiza vumbi madirishani hayana vioo, wao wanasinzia tu.

Mpaka tulipofika kwenye mahari.

Aisee! Nikawaambia huyu Lakunle ni mwalimu, kijana, anampenda Sidi lakini mahari hataki kutoa, anasema ni ushenzi, ni mila zilizopitwa na wakati. Darasa likaamka lote. Hapa ni Ugogo, mahari ni ng'ombe, sio mambo ya kuandikiana kwenye karatasi. Mmoja akanyoosha mkono akaanza kwa kingereza, "Teacher, me I think", akaona kinamchelewesha akahamia kiswahili, wa nyuma akamjibu, ilipofika habari ya ng'ombe wangapi wakahamia Kigogo kabisa mi nimebaki nimeshika chaki kama mshenga asiyetumwa. Dabo periodi nzima, dakika 80, hakuna aliyelala. Hakuna aliyeongea kingereza pia, ila tusiharibu stori.

Halafu kuna ile sehemu chifu Baroka anamdanganya mke wake mkubwa kwamba nguvu zimemwishia. Binti wa mbele kafungua daftari, kalamu tayari, anauliza kwa heshima zote, nguvu zipi mwalimu? Nikamwambia nguvu za kutawala kijiji. Akaandika! Wavulana huko nyuma walicheka mpaka dawati likaanguka, mwalimu wa zamu akaja kuchungulia.

Likizo ya mwezi wa sita ikaisha vizuri, nikajua yamepita. Siku hiyo nasahihisha madaftari naitwa ofisini kuna mzazi. Mzee katoka Bahi, fimbo mkononi, kofia hajavua. "Mbukwa," ananisalimia kwa Kigogo, sura haicheki. Nikampa shikamoo ndefu. Kumbe kijana wake, anayekaa kwa shangazi hapa mjini, likizo alikwenda nyumbani akakuta wazee wamekaa wanapanga mahari ya dada yake, akasimama mbele ya washenga akawaambia mahari ni ushenzi, tumesoma shuleni.

"Mwalimu, serikali imewatuma mfundishe hayo?"

Soyinka kaandika mambo ya Nigeria huko, kapewa Nobel yake 1986, anaishi kwa amani, mimi ndo naletewa mzee na fimbo. Nikamwambia mzee wangu kaa kwanza, kijana kasimulia mwanzo tu, mwisho hakufika. Lakunle anamkosa huyo binti, anaolewa na chifu.

"Huyo chifu ana miaka mingapi?"

"62 mzee."

"Kijana huyo." Fimbo akailaza chini. Akataka nimsimulie yote tangu mwanzo, nikasimulia, ile habari ya nguvu kwake sikuificha, alicheka mpaka machozi akapiga paja. Halafu akanyamaza, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Kwahiyo asiyetaka kutoa ng'ombe ni mwalimu?"

"Ndo hivyo mzee."

"Na wewe umeoa?"

"Nimeoa mzee, Mpwapwa."

"Ng'ombe ulimaliza?"

Nikamwambia mzee samahani nina kipindi. Sikuwa na kipindi. Mkuu alikuwa amekaa palepale anaijua ratiba yangu, na hakunisaidia.

Sasa juzi nasahihisha mtihani wa mwezi, swali la migogoro kati ya mila na usasa, toa hoja kutoka kwenye vitabu viwili. Pamfleti, pamfleti, pamfleti, nafika kwa kijana wa Bahi. Kingereza chake kinatia huruma, vitenzi vimelala chali. Ila kaeleza Lakunle vizuri, halafu kitabu cha pili kaweka mzee mmoja alitembea na fimbo mpaka shuleni, mwalimu akamkimbia. Nimempa maksi zote za hoja, yeye peke yake ndo ameandika kitu alichokielewa, wengine nimewapa za mwandiko.

Mwalimu wa taaluma kapitia, kaniita, kazungushia wino mwekundu. Anauliza huyu mzee wa Bahi yuko kwenye kitabu gani, mbona kwenye orodha hayupo.

Nikamwambia hicho nakala ni moja tu, na haiazimwi.