Saruji inaziua nyumba za Mji Mkongwe

Masika yakikatika tu, mikokoteni inaanza kuingia vichochoroni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar ikiwa na mifuko ya saruji. Kiponda, Mkunazini, Sokomuhogo, Malindi, kote ni hivyo hivyo: ukuta umevimba, lipu imemenyuka, rutuba, yaani unyevu wa ukutani, imepanda hadi kiunoni, na dawa inayoletwa ni ile ile iliyouumiza ukuta huo miaka michache nyuma. Fundi anabandua, anapiga lipu nene ya saruji, anamalizia kwa rangi ya plastiki. Nyumba inang'aa, majirani wanampa mwenyewe mkono wa pongezi, na kila mtu anaamini imetengenezwa.

Haijatengenezwa. Imezibwa pumzi.

Ukuta wa nyumba ya mawe ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake sentimita 50 na mara nyingi zaidi. Chini yake hakuna kitu kinachozuia maji ya ardhini, kwa hiyo ukuta unayanywa siku zote. Waliojenga walilijua hilo. Chokaa ina vitundu vidogo vidogo, basi maji yanayopanda yanatokea kwenye uso wa ukuta na kukaushwa na upepo. Ndiyo maana lipu ya chokaa huchakaa chini, karibu na baraza, na ndiyo maana ilipigwa upya kila baada ya miaka: lipu ndiyo iliyokubali kufa ili ukuta ubaki.

Saruji haipitishi maji kwa namna hiyo. Ukiupiga ukuta lipu ya saruji nje, maji hayaachi kupanda. Yanatafuta njia nyingine, na njia ni mbili tu: juu zaidi, au ndani chumbani. Rutuba iliyokuwa mguuni inafika dirishani. Kisha inakuja chumvi. Matumbawe yana chumvi, hewa yetu ya bahari ina chumvi, na ole wake aliyechanganya lipu kwa mchanga wa pwani usiooshwa. Maji yanapokauka nyuma ya ile saruji, chumvi inabaki, inaganda, inavimba, na inaisaga chokaa ya zamani mpaka inakuwa unga. Gonga ukuta kwa vifundo vya vidole: ukisikia mlio wa debe tupu, hapo lipu imeshaachana na ukuta, na nyuma yake kuna vumbi na mawe yaliyolegea. Kwa nje unaona sura safi kabisa.

Na bado hatujafika pabaya. Pabaya ni boriti.

Dari za nyumba hizi zinalala juu ya boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba na virefu: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, mita 2.5 hadi 3. Kila boriti imeingiza vichwa vyake ndani ya ukuta, pande zote mbili. Kichwa kikikaa ndani ya chokaa kavu, mti wa mkoko unavishinda vizazi kadhaa vya watu. Kikikaa ndani ya ukuta uliolowa usiku na mchana, kinaoza, na mchwa anakipenda. Katikati ya chumba boriti inaonekana nzima, ngumu, nyeusi, haina neno. Sehemu iliyooza ni ile isiyoonekana, na ndiyo hiyo iliyobeba sakafu ya ghorofa, vitanda, makabati na watu.

Upande mmoja wa Beit el Ajaib, jumba la kale la masultani, ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, habari zilifika dunia nzima. Nyumba ya kawaida kichochoroni ikidondosha dari usiku, habari zinaishia mtaani. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na huo urithi ni pamoja na vyumba ambamo watu wanapika na kulaza watoto.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba saruji ina sababu zake. Inapatikana kila duka la vifaa, inakauka kesho, na fundi kijana hakufundishwa kingine. Familia isiyo na uwezo wa kuhama miezi mitatu haiwezi kulaumiwa kwa kutaka kazi ya siku tatu. Nakubali pia kwamba sakafu ya choo inahitaji saruji. Na magorofa ya Michenzani ni zege tangu kuzaliwa, saruji ni haki yao. Lakini ukuta wa matumbawe, hapana. Hata ile "saruji kidogo tu ndani ya chokaa ili ishike" inaharibu, kwa sababu inaufanya mchanganyiko uwe mgumu kuliko jiwe unalolishika. Nyumba ikicheza kidogo, kama zinavyocheza zote, lipu ngumu inapasuka, mvua inaingia kwenye ufa na haitoki tena.

Kazi yenyewe inaanzia juu, kwenye bati. Hakuna lipu duniani itakayouponya ukuta unaomwagiwa maji na mfereji uliotoboka. Kagua mifereji, maungio ya bomba za kuteremshia maji, bomba za choo za ghorofani, na maji ya kiyoyozi ambayo watu wanayaacha yadondoke ukutani mwaka mzima. Tazama na tangi la maji: lita 1,000 ni tani moja, na limewekwa juu ya boriti ambazo mjenzi hakuzikadiria kwa mzigo huo. Literemshwe uani, au likalie kuta mbili nene, kamwe lisiwekwe katikati ya dari.

Lipu ya saruji ibanduliwe kwa tindo na nyundo ya mkono, kipande kwa kipande. Mashine ya kuvunjia inatikisa ukuta mzima na kuyang'oa mawe. Ikiwa saruji imeng'ang'ania mahali na kutoka na uso wa jiwe, iachwe hapo kwanza. Baada ya hapo ukuta usubiri. Ukuta wa sentimita 50 uliolowa haukauki kwa wiki mbili, unataka miezi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, maana mwenye nyumba anachoka kuangalia mawe. Chumvi inayojitokeza isuguliwe kwa brashi kavu na kuzolewa. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Chokaa iloweshwe mapema. Ya tanuu, ikiwa bado mbichi, itiwe kwenye maji kidogo kidogo. Usimwagie maji juu yake, kwa kuwa inachemka na kuruka, na jicho likipigwa na chokaa linaweza kupofuka. Miwani na glavu si anasa. Ikae chini ya maji wiki kadhaa, miezi mitatu ni bora zaidi, mpaka iwe laini kama siagi. Ya mfuko nayo iloweshwe angalau usiku mzima, na mfuko uliokaa wazi dukani usinunuliwe, kwani hewa imeshaula. Vipimo ni karai moja la chokaa kwa makarai matatu ya mchanga mkali wa shimoni, uliochekechwa, usio na chumvi. Mafundi wasitie maji mengi. Mchanganyiko mzuri unapondwa na kukandwa muda mrefu. Ukiona fundi anaongeza maji ili kupumzisha mikono, ujue nyufa zinakuja.

Mashimo yajazwe kwanza kwa vipande vya matumbawe na chokaa. Ukuta unyunyiziwe maji kabla ya lipu, la sivyo mawe makavu yatainyonya chokaa na kuiacha unga. Koti moja lisizidi sentimita 1 hadi 1.5, na kati ya koti na koti ipite wiki au zaidi. Chokaa haigandi kwa kukauka haraka. Inaganda kwa kuivuta hewa ya kaboni taratibu ikiwa na unyevu kidogo, kwa hiyo ukuta unaopigwa jua utundikiwe magunia yaliyolowa siku kadhaa. Lipu iliyokauka kwa siku moja ya kaskazi kali inapukutika ukiipitishia kiganja.

Juu yake ipakwe chokaa nyepesi kama maziwa, koti tatu hadi tano. Rangi ya plastiki na rangi ya mafuta zinafanya kazi ile ile ya saruji, zinaziba. Mtu amegharimika kwa lipu ya chokaa halafu anapaka rangi ya kuoshwa kwa sabuni. Jamani, hapo fedha yote imekwenda na maji.

Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kiombwe kabla ya kugusa ukuta. Wenye mahoteli wanaobomoa kuta za ndani ili wapate vyumba vipana wana makala yao, siku nyingine.

Kinachobaki ni nyumba zinazokaliwa na familia tatu, nne, kila moja na chumba chake, ambapo mfereji wa juu hauna mwenyewe. Wa chini anapata rutuba, wa juu anasema bati si lake. Kaeni barazani mkubaliane mchango mdogo wa kusafisha mifereji mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Siku hiyo hiyo chukueni bisibisi mzunguke vyumba vyote, mkichoma kila boriti pale inapoingia ukutani, hasa chini ya choo na chini ya mfereji. Ikigoma, sawa. Ikizama sentimita moja bila nguvu, au mbao ikitoka laini na yenye maji, simamisheni nguzo ya muda chini ya boriti hiyo kabla ya magharibi, juu ya kipande cha ubao ili isitoboe sakafu, na watoto wasilale chumba hicho wala cha juu yake mpaka boriti ibadilishwe.